Mbili Nukta Moja Saba Tano

Kosa la kwanza lilikuwa la gramu sita, na gramu sita si kitu. Ni kijiko cha chai cha chumvi. Mtu mzima ukimtilia mfukoni atatembea nazo kutwa nzima asijue. Lakini mwanamke aliyeliona kosa hilo kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kwamba gramu hazipotei wala haziongezeki, na ofisini kwao walimwita Bi Desimali, nusu kwa heshima, nusu kwa utani, kwa sababu hakuwahi kupitisha kazi ya mtu kabla hajaigeuza ndani nje kama anayetafuta kunguni kwenye mto.

Kampuni yao ilitengeneza programu za kliniki za watoto. Mtoto analazwa kwenye mizani, mizani inatuma uzito kwa seva, kisha kompyuta ya daktari inaiomba seva uzito ule ili ikokotoe dawa. Ombi linakwenda, jibu linarudi. Ni hapo katikati ndipo namba huumia. Kompyuta, pamoja na sifa zake zote, desimali haizishiki vizuri. Ni kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Ukiipa mbili nukta moja saba tano, yenyewe ndani kwa ndani inashika mbili nukta moja saba nne tisa tisa tisa, na fundi akizubaa jibu linarudi na mkia mrefu wa tarakimu, au linarudi limekatwa mkia kabisa. Kwa baba wa kilo themanini haidhuru. Kwa kichanga anayehesabiwa dawa kwa matone, mkia huo ni uhai. Basi Bi Desimali alikuwa akipeleka uzito mmoja baada ya mwingine na kutazama kama kilichokwenda ndicho kilichorudi, hadi tarakimu ya mwisho.

Kila mjaribu programu ana namba zake za mtego. Yake ilikuwa hiyo hiyo: 2.175. Wenzake aliwaambia ameichagua kwa sababu ni namba korofi, na hilo lilikuwa kweli. Hakuwaambia kwamba ndio uliokuwa uzito wa binti yake, aliyezaliwa alfajiri moja miezi saba nyuma na ambaye adhuhuri ya siku hiyo hakuwapo tena. Alipimwa mara moja tu. Muuguzi aliandika namba hiyo kwenye kikaratasi, na hapakuwa na haja ya kuandika nyingine.

Siku hizo alifanyia kazi nyumbani. Ofisi ilimpa ruhusa ya miezi mitatu, miezi mitatu ikapita, hakuna aliyemuuliza naye hakujiuliza. Walikaa vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia. Mezani palikuwa na kompyuta na mizani ya vichanga, ile yenye sinia jeupe lililopinda kama ganda. Karibu na mlango palikuwa na mizani ya kusimamia, ya watu wazima. Zote mbili mali ya ofisi, zote mbili za kuonyesha hadi gramu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na tangu wamzike mtoto alikuwa akiomba safari ambazo wenzake wanazikimbia. Kila baada ya siku mbili alipiga simu. Wanaulizana kama wamekula, kila mmoja anadanganya, wanaagana.

Siku ya gramu sita alipeleka 2.175, ikarudi 2.181.

Akarudia. 2.181. Akapeleka tatu nukta nne sifuri mbili, ikarudi salama. Akapeleka namba nyingine hamsini, zote salama. Ni ile moja tu. Akampigia simu mwandika programu, kijana mwenzake waliyemwita Kipara ingawa nywele alikuwa nazo, tena nyingi.

"Kaka, hili si kosa la kukata mkia," alimwambia. "Mkia naujua. Hii imeongezeka."

Kipara akajaribu kwake. "Kwangu inarudi mbili nukta moja saba tano. Safi kabisa."

"Jaribu tena."

"Dada, nimejaribu mara ishirini." Alikuwa anatafuna kitu. "Labda hiyo ya kwako imeshiba."

Alicheka, naye Bi Desimali akacheka kidogo ili isionekane kwamba mgongo umemsisimka.

Kesho yake ilirudi 2.208. Keshokutwa, 2.236.

Alifungua fomu ya kuripoti kosa, akaandika namba tatu moja chini ya nyingine, akazitazama. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi. Programu yao ilikuwa na chati za kukua kwa watoto, naye ndiye aliyezijaribu, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Gramu ishirini na saba. Gramu ishirini na nane. Hivyo ndivyo anavyoongezeka kwa siku moja kichanga anayenyonya vizuri.

Fomu hakuituma.

Ilikuwa saa nane mchana, ule wakati ambapo jengo zima linakuwa kama limekata roho: watu wako kazini, watoto wako shuleni, mabomba yamenyamaza. Akasikia sauti ndogo nyuma ya kompyuta. Haikuwa kilio wala mlio. Ilikuwa ni ile sauti ya ulimi unaoachia, mdomo mdogo ukitoka kwenye kitu ulichokuwa ukinyonya. Ikafuata harufu ya maziwa, ya vuguvugu, kama inayotoka shingoni mwa mtoto aliyecheua. Akainua macho. Mizani ya vichanga, ambayo hakuiwasha tangu asubuhi, ilikuwa inawaka. Sinia lilikuwa tupu. Namba ilisoma 2.236.

Akabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Ikarudi sifuri. Halafu ikaanza kupanda polepole, gramu kwa gramu, jinsi mtu anavyomlaza mtoto aliyelala akiogopa asiamke, mpaka ikasimama palepale ilipokuwa.

Akaweka kiganja ndani ya sinia. Lilikuwa na joto, na jua halikufika upande ule wa chumba.

Mwanamke mwingine angeshuka ngazi miguu peku. Yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza kwa nini hakukimbia. Alisimama pale kwa muda mrefu mkono ukiwa juu ya joto lile, kisha akaenda kufunga dirisha, kwa sababu upepo ulikuwa unaingia.

*

Hivyo ndivyo walivyoanza kuishi wawili.

Alikunja taulo jipya akalitandika ndani ya sinia. Aliacha kufungulia redio. Alijifunza kufunga mlango wa kabati bila kubamiza. Asubuhi alisema "umeamkaje," na ingawa hakujibiwa, namba ilitikisika kidogo, gramu mbili huku, gramu mbili kule, kama inavyotikisika mtoto akirusha miguu. Wiki ya pili kifua chake kiliuma na alipotazama aliona blauzi imelowa mahali pawili. Maziwa yaliyokauka miezi saba iliyopita, ambayo muuguzi alimfundisha kuyakausha kwa kujibana kifua kwa kitambaa, yalikuwa yamerudi. Hakumwambia mtu. Nani wa kumwambia? Mumewe alipopiga simu alimuuliza kama amekula, akasema amekula, na safari hiyo kweli hakutaka mazungumzo marefu; alikuwa na mtu ndani.

Kwenye orodha ya majaribio, mbele ya namba 2.175, palikuwa na kisanduku kinachosubiri neno moja kati ya mawili. Aliandika "Imepita." Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini katika miaka tisa, nao ulimtoka kirahisi kama chafya.

Wiki ya sita mizani ilisoma 3.415. Siku hiyo sketi ilimdondoka kiunoni akiwa anatembea. Akaiokota, akasimama nayo mkononi akiiangalia, kisha akaenda kwenye mizani ya kusimamia. Siku ilipoletwa na ofisi alijipima ili kuijaribu, na kipimo bado kilikuwa kwenye daftari lake: 61.250. Sasa alikuwa 60.010.

Hakuhitaji kikokotoo. Kilo moja na gramu mia mbili na arobaini zilikuwa zimemtoka. Kilo moja na gramu mia mbili na arobaini ndizo zilizoongezeka kule mezani tangu siku ya kwanza, bila kuzidi gramu, bila kupungua gramu. Lau zingekuwa mizani za sokoni, zile za sindano, angesema hali chakula vizuri ndiyo maana, angejipikia uji mzito na kusahau. Desimali hazikumwachia hata ufa wa kujidanganya.

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliogopa, tena sana. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyesimama mtoni. Lakini chini ya woga palikuwa na kitu kingine ambacho kingemtisha mtu yeyote ambaye angekisikia. Alijiambia: mama gani asiyeliwa na mwanawe?

Akainuka, akasogeza kiti, akakaa karibu na sinia.

Tangu siku hiyo kitu kile hakikujificha tena. Kiliongezeka gramu mia kwa siku, wakati mwingine mia tatu. Taulo lilibonyea katikati. Alipoingiza kidole ndani ya sinia kilishikwa, na mshiko ulikuwa laini na wenye nguvu, ila vidole vilivyomshika vilikuwa vya urefu mmoja vyote, na alipojaribu kuvihesabu kwa kuvihisi vilipita vitano, vikapita saba, akaacha kuhesabu. Akawa anaficha kioo cha bafuni kwa shuka. Mifupa ya mabega ilimchomoza. Alikuwa na kilo hamsini na saba nukta tano nne tano.

Halafu likatokea jambo lililomfurahisha. Siku mbili mfululizo alijipima, na siku zote mbili ilikuwa ile ile, 57.545. Hakupungua hata gramu. Kule mezani namba iliendelea kupanda, 5.880 ikawa 5.974, lakini yeye aliachwa. Alidhani ameonewa huruma. Alidhani, Mungu amsamehe, kwamba amependwa.

Simu ikalia. Alikuwa Kipara, na safari hii hakuwa anatafuna kitu.

"Dada, uko peke yako?"

"Kwa nini?"

"Lile toleo ulilolipitisha. Juzi tumeliweka kwenye kliniki moja, ya majaribio. Muuguzi wa pale ni mtu wa zamani, haamini kompyuta, kila uzito anauandika pia kwenye daftari kwa mkono." Akashusha pumzi. "Majibu ya seva yamepungua. Kila mtoto. Huyu gramu mbili, huyu tatu, huyu tano. Watoto thelathini na mmoja."

"Ni mkia," alisema Bi Desimali, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kama inatoka chumba cha pili. "Tazama mahali mnapokata mkia."

"Nilidhani hivyo. Nikamwambia mama wa watu arudie kuwapima, maana labda daftari ndilo limekosea." Kipara alikuwa karibu kunong'ona sasa. "Dada, amewapima upya kwenye mizani. Mizani inakubaliana na seva. Watoto ndio waliopungua."

Bi Desimali akavuta daftari karibu.

"Jumla ni ngapi?" aliuliza.

"Jumla ya nini?"

"Jumlisha gramu zote zilizopotea. Tafadhali, kaka."

Alisikia vitufe vikibonyezwa. "Tisini na nne," alisema Kipara.

Bi Desimali alitazama sinia. Tano nukta tisa saba nne. Jana asubuhi ilikuwa tano nukta nane nane sifuri. Taulo lilibonyea, likainuka, likabonyea, kwa utulivu wa kitu kinacholala kimeshiba, na harufu ile ya maziwa ambayo kwa wiki nane alikuwa akiivuta kama mtu mwenye kiu ilimjia sasa pamoja na nyingine, nyingi, tofauti tofauti, za shingo thelathini na moja za watoto wa watu.

"Zima seva," alisema.

"Siwezi kuzima hivi hivi, nitaulizwa. Wewe ndiye uliyeipitisha."

"Nilidanganya. Iliniambia imekosea tangu siku ya kwanza nikaandika imepita. Zima, kaka. Ukiulizwa sema mimi nimekwambia, na sababu mwambie msimamizi nitampa mwenyewe."

Kipara hakumuuliza kitu kingine. Yawezekana aliona ni afadhali asijue.

*

Chini ya jengo lile, chumba cha kwanza ukiingia, alifanyia kazi mama mmoja mshona magodoro. Alikuwa na pamba kwenye nyusi muda wote na sindano ndefu amezichomeka kwenye ukosi wa gauni kama askari na medali zake. Watu walimpelekea magodoro kwa mlango wa mbele na matatizo mengine kwa mlango wa nyuma. Ukimuuliza kama ni mganga anakataa. Anasema yeye anashona, mengine ni kusaidiana tu.

Bi Desimali alishuka ngazi ameshika ukuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka kwa siku nyingi, na jua la alasiri lilimchoma macho. Mshona magodoro alimwona, akaacha uzi nusu.

"Mwanangu," alisema, "nani anakula humo ndani?"

Bi Desimali akamweleza yote, amesimama, bila kuketi. Alipomaliza yule mama alikuwa anakung'uta pamba magotini.

"Ulimwita vipi?"

"Sikumwita, mama."

"Hawaji bila kuitwa. Ulimtaja kwa kitu gani, kwa jina?"

"Hatukuwahi kumpa jina. Kwa uzito wake. Kwenye kazi."

"Mara ngapi?"

Aibu ilimpata. "Programu ndiyo inayotuma, yenyewe. Mara mia nne kwa siku."

Mshona magodoro alimtazama. Hakukuwa na lawama usoni mwake. "Mara mia nne. Na kila mara unasubiri ujibiwe. Mwanangu, hata jiwe lingeitika." Akasimama, magoti yakalia. "Uliyemwita hakuja. Yule amelala, hana shida na mtu. Amekuja aliyekuwa karibu akasikia mlango unagongwa kutokea ndani. Twende kabla jua halijashuka."

Walipofika ghorofa ya tatu mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, ingawa hakukuwa na mtu ndani. Mshona magodoro alichomoa sindano moja kwenye ukosi, akaichomeka kwenye ubao wa fremu, akasoma maneno machache chini ya pumzi, na komeo likarudi lenyewe, taratibu, kama mtu aliyesita.

Chumba kilikuwa na joto la tumboni. Mizani ilisoma 6.310.

"Ameongezeka," alinong'ona Bi Desimali. "Seva imezimwa. Ametoa wapi?"

"Kwako. Ulipokuwa unashuka ngazi hukuhisi?" Yule mama alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. "Sikiliza. Mimi nitasoma, lakini kusoma kwangu ni kumzuia tu asikusogelee. Jini hatolewi kwenye nyumba ya mtu anayemtaka. Atatoka kwa mdomo wako. Umwambie yeye si nani, na umwambie wako alikuwa nani. Na usiseme uongo hata wa gramu moja."

Akaanza kusoma, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, kama cherehani. Bi Desimali alisimama mbele ya meza, akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka, kile kitu kililia.

Hakikuwa kimelia hata mara moja katika wiki zote nane. Wala binti yake hakulia. Alfajiri ile alizaliwa kimya, na mama yake alilala pale na masikio wazi saa baada ya saa akiingoja sauti ambayo kila mwanamke katika wodi ile alikuwa anaisikia isipokuwa yeye, na sasa sauti ile ilikuja, nyembamba, yenye hasira, yenye njaa, ikatoka kwenye sinia tupu ikajaa chumba, na maziwa yakamtoka yakalowesha kifua mpaka tumboni, na mikono yake ikajiinua yenyewe jinsi mikono ya mama inavyojiinua bila kuuliza ruhusa, na mwanga dirishani ukapungua ingawa jua lilikuwa palepale, na taulo likaanza kufunguka kona moja baada ya nyingine kama linafunuliwa na mtu kutoka ndani, na harufu ya maziwa ikachacha, ikawa ya maziwa yaliyosahaulika chini ya kitanda, na bado alipiga hatua moja kwenda mbele, na ya pili, na ingekuwa ya tatu lau mshona magodoro asingekuwa amelishika gauni lake kwa nyuma na kulishona, kweli kulishona, kwa sindano na uzi wa magodoro, kwenye pazia la mlango, huku akisoma.

Uzi ukamvuta. Akasimama.

"Wewe si wangu," alisema.

Kilio kikapanda.

"Wewe si wangu. Wangu alikuwa na kilo mbili nukta moja saba tano. Alipimwa mara moja. Hakunyonya. Hakulia. Hakuongezeka." Hilo la mwisho lilimtoka kama mfupa. "Hakuongezeka hata gramu moja. Na hataongezeka."

Namba zikaanza kushuka. Sita ikawa tano, tano ikawa nne, zikikimbia kiasi kwamba tarakimu za mwisho hazikusomeka, na kilio kikawa kinapungua pamoja nazo, mpaka ghafla zikasimama. 2.175. Kilio kilikoma. Katikati ya taulo pakatokea kishimo kidogo, kidogo sana, chenye umbo alilolijua, kwa sababu aliwahi kulishika kwa robo saa.

Hakuna aliyemsukuma. Mshona magodoro alikuwa ameacha kusoma, anangoja.

"Na hiyo nayo si yako," alisema Bi Desimali. "Iache."

Mizani ikasoma sifuri, na sifuri tatu baada ya nukta. Joto likatoka chumbani, lote kwa pamoja, kama watu wanaotoka mazishini. Akakaa palepale sakafuni, gauni likachanika kwenye mshono, akalia kwa sauti mpaka koo likakauka, na yule mama hakumwambia nyamaza.

Baadaye, akikusanya uzi wake, mshona magodoro aliuliza, "Kuna mwingine anayemlilia mtoto huyu?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Baba yake?"

"Baba yake hakulia hata siku moja," alisema Bi Desimali. "Aliwasha lori akaenda."

Mshona magodoro alitaka kusema neno, akaliacha. Naye alikuwa amechoka.

*

Watoto wa ile kliniki walipimwa tena kesho yake na muuguzi akaandika daftarini kwamba kila mmoja amerudi alipokuwa. Toleo likaondolewa. Msimamizi wa ofisi alimwita Bi Desimali, akamsikiliza, akampa barua ya onyo, kisha akamwambia kuanzia sasa atakuja ofisini kila siku, akae dawati la karibu na la Kipara. Alikuja. Aliifuta ile namba kwenye majaribio, akaweka nyingine korofi vilevile, isiyo ya mtu. Kipara alimletea chapati mbili kila asubuhi bila kusema ni za nini. Mwezi haujaisha alikuwa na kilo hamsini na tisa, na usiku alilala, ingawa kitandani aliendelea kuacha nafasi.

Jioni moja, Bi Desimali akiwa ametoka tu kazini, anafungua mlango, mumewe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Hakuwa ameisikia hivyo tangu kabla ya mazishi.

"Mwenzangu, umekula?"

"Bado. Na wewe?"

"Nimekula vizuri. Tumezuiwa hapa kwenye mizani ya barabarani. Wanasema nimezidisha mzigo, na kontena lina lakiri ya chuma, halijafunguliwa tangu bandarini. Kilo kumi." Alicheka. "Nawaambia kilo kumi kwenye lori zima ni nini? Mizani zao zenyewe hazina desimali, zinaruka kumi kumi. Inaweza kuwa sita tu, inaweza kuwa nane."

Ufunguo ulibaki mlangoni. Ujia ulikuwa mtupu hadi mwisho.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Kwenye kabini yako kuna harufu gani?"

Upande wa pili Bi Desimali alisikia injini ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Suruali zako," alisema. "Suruali zako zinakutosha?"

"Zimelegea. Ni safari hizi." Halafu sauti ya mumewe ikashuka, ikawa ya mtu anayezungumza kwenye chumba chenye kitanda kidogo. "Mwenzangu, siku ile mimi ndiye niliyembeba mpaka kule. Mikononi. Watu walikuwa wengi, sikupata mahali pa kulia. Nimelia humu ndani ya lori, barabara nzima, miezi yote. Nilidhani wewe hutaki nimtaje."

"Teremka. Uko wapi? Niambie uko wapi nije."

"Polepole," alisema mumewe. "Ndiyo kwanza amelala. Nimemfunga mkanda."